Nyama ya Mzee Haichemshwi

Katika nyumba ile hakuna kitu kilichoingia kwenye mafuta kabla hakijapita kwenye maji. Nyama ilichemshwa kwanza, ndipo ikakaangwa. Kuku alichemshwa kwanza. Samaki naye, maskini, alichemshwa, na akimeguka mama mkwe alisema samaki wa siku hizi hawana nguvu. Soseji, ambazo zilitoka kiwandani zikiwa zimeshaiva, zilichemshwa mpaka zikapasuka mgongo. Msusi aliolewa akaikuta hali hiyo, akaizoea kama mtu anavyouzoea mlango unaokwaruza sakafu: kila siku unakuudhi na kila siku unaupita hivyohivyo.

Jumapili hiyo alikataa kuupita.

Alikuwa amesimama jikoni, kisu kikali mkononi, na mbele yake kipande cha nyama ya ng'ombe kilichotoka kwenye friza, bado kina barafu kidogo ndani. Nyama yenye barafu haikimbii kisu. Aliikata vipande vyembamba, vyembamba kwelikweli, ukikiinua kimoja mbele ya dirisha unaona mwanga upande wa pili. Na aliikata kwa kuvuka nyuzi zake, si kwa kuzifuata, kwa sababu nyuzi ndefu ndizo zinazomshinda mtu asiye na meno yake. Jambo hilo alikuwa ameliwaza wiki nzima huku anasuka vichwa vya watu.

Mumewe, fundi wa friji, alipita kuchukua maji ya kunywa, akasimama kuangalia.

"Mama watoto, hiyo nyama unaikata au unainyoa?"

"Pita, baba watoto. Nina kazi."

"Naiona. Nauliza tu, maana ukiendelea hivyo itabidi tuile kwa miwani."

"Siwaandalii nyinyi peke yenu. Namwandalia baba yako."

Fundi akanywa maji yake taratibu, akaosha glasi mwenyewe, jambo ambalo si kawaida yake, akatoka.

Mzee, baba yake Fundi, alikuwa dalali wa mnada maisha yake yote. Mdomo wake ndio uliomlisha. Alikuwa anaweza kuuza kabati lisilo na mlango mmoja, na mnunuzi akaondoka anajiona yeye ndiye mjanja. Nyumbani alikuwa vilevile. Chakula kikitengwa, yeye ndiye aliyekinadi: "Jamani, wali huu, utazameni, kila punje imelala kivyake, nani anaanza?" Msusi alipofungua saluni yake, chumba kimoja na kioo kimoja, wiki ya kwanza hakuna mtu aliyekanyaga. Mzee akachukua kiti akakaa nje, akawa anawanadia wapita njia nywele ambazo bado hazijasukwa. Wanawake waliingia wanacheka, wakatoka wamesukwa. Hilo Msusi hakulisahau.

Kisha meno yakamtoka, hili leo, lile kesho, mpaka fundi wa meno akamtengenezea ya bandia, ya juu na ya chini. Yakawa meupe kuliko yale aliyozaliwa nayo. Siku moja wakaja wakwe watarajiwa, wazazi wa kijana aliyemtaka binti yake wa mwisho. Mzee akanogewa mezani, ananadi kuku, na alipofika kwenye neno kubwa la mwisho, meno ya juu yakachomoka, yakaruka, yakatua ndani ya bakuli la mchuzi la baba yake kijana.

Kijana alioa hata hivyo. Lakini toka siku ile Mzee hakula tena mbele ya mtu. Meno yalirudishwa kwa fundi wa meno yakakazwa vizuri, na bado hakutoka. Akawa analetewa chakula chumbani, mlango unafungwa. Nyama aliikataa kabisa, maana nyama ya nyumba ile, ikishachemshwa na kukaushwa kwenye mafuta, ilikuwa inang'ang'ania meno ya bandia mpaka yanalegea tena. Akawa mtu wa uji na viazi vya kuponda. Aliyempelekea sinia ni Msusi, na aliyelitoa likiwa nusu ni Msusi, kwa hiyo yeye ndiye aliyeona mkanda wa suruali ya Mzee ukitobolewa tundu jipya kwa msumari, na baadaye tundu jingine. Wengine walisema Mzee amezeeka tu. Msusi alijisemea moyoni, huyu mtu anajikausha humo ndani na sisi tunamwangalia.

Dawa aliipata saluni. Mteja wake mmoja, karani wa benki, alikuja na chakula chake kwenye kibakuli cha plastiki, akawa anakula huku anasukwa, na akamlisha Msusi kipande kwa uma, kwa sababu mikono ya Msusi ilikuwa kichwani mwake. Msusi alikipokea mdomoni, akajiweka tayari kutafuna. Hakukuwa na cha kutafuna. Kilikuwa kimeshakwenda.

"Dada, hii nyama gani?"

"Ya ng'ombe, kama ya kwako. Unaikata nyembamba, unailoweka kwenye tangawizi na sosi ya soya, unaipaka unga wa konfulawa kidogo. Karai likianza kutoa moshi unaitupa ndani. Mtu hata hajamaliza kupiga chafya, imeiva. Unaitoa, unakaanga mboga, unarudisha nyama, basi. Usiifunike. Na maji usitie hata tone."

"Hata tone," Msusi akarudia, na akamwona mama mkwe wake mbele yake kabisa, kama amesimama pale saluni.

Basi Jumapili hiyo nyama ikakatwa, ikatiwa kwenye bakuli na tangawizi iliyotwangwa, sosi, konfulawa na mafuta kidogo. Karoti zikakatwa vijiti, hoho vijiti, vitunguu vipande vinene, na maharage machanga yakatolewa nyuzi. Kila kitu kikakaa kwenye sahani yake juu ya meza ya jikoni, kinangoja moto. Msusi alisimama akaitazama ile meza, akajisikia kama mtu aliyepanga harusi na ikapangika.

Ndipo ikaja hodi.

Alikuwa jirani yao, mwalimu wa chekechea, kajifunga kilemba mpaka kwenye nyusi.

"Shoga, nisaidie. Nasafiri jioni, na mistari ya mbele imefumuka yote."

"Leo Jumapili, mpenzi."

"Ya mbele tu! Nikienda hivi watasema nimepigana na paka, na paka ndiye aliyeshinda."

Msusi akavuta pumzi. Akarudi jikoni kwanza. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda anachagua mchele.

"Mama, ile nyama ya kwenye bakuli nimeshaitengeneza. Iache hivyohivyo, nakuja kuipika mwenyewe."

"Haya, mwanangu."

"Isiguswe, mama."

"Si nimesema haya? Kwani mimi mtoto?"

Ili kuwa na uhakika, alimwita binti yake. Huyo nyumba nzima walimwita Redio, kwa sababu hakuna jambo lililotokea mle ndani ambalo hakulitangaza. "Kaa hapa jikoni. Mtu akiligusa hilo bakuli, uje uniambie."

Akaenda barazani, akamkalisha jirani kwenye mkeka, akaanza kufumua. Hata mstari wa kwanza haujafika nusu, Redio akatokea mlangoni.

"Mama, Bibi amefunua bakuli."

"Anaangalia tu. Rudi."

Redio akaenda, akarudi.

"Mama, Bibi amenusa."

"Mwache anuse."

Akaenda, akarudi.

"Bibi amesema 'Mungu wangu'."

"Amesema kwa nini?"

"Anasema nyama imekuwa nyeusi."

Vidole vya Msusi vikakaza. Jirani akalia, "Shoga, hicho ni kichwa, si kamba!"

"Mwambie Bibi ni sosi," Msusi alisema. "Sosi ya soya. Nimeitia mimi mwenyewe. Umesikia? Kimbia."

Redio akakimbia. Safari hii alichelewa. Msusi alisuka huku sikio liko jikoni, anasikia bomba la maji linafunguliwa, linafungwa, linafunguliwa tena. Akajipa moyo kwamba ni mchele unaoshwa.

Redio akarudi.

"Nimemwambia."

"Akasemaje?"

"Akasema sawa, ameshaiosha."

"Ameosha nini?"

"Nyama."

Msusi akaacha kitana kikining'inia kwenye nywele za jirani. "Iko wapi sasa hivi?"

"Inachemka," alisema Redio.

Alipoingia jikoni sufuria lilikuwa linatokota na kifuniko kinarukaruka juu yake. Alikifunua. Vile vipande vyake, kazi ya asubuhi nzima, vilikuwa vimejikunja na kuwa kijivu, vinazunguka ndani ya povu. Damu ilimpanda mpaka masikioni. Lakini aliyekuwa mbele yake ni mama mkwe, na mama mkwe hapayukiwi. Akaibana sauti mpaka ikatoka nyembamba.

"Mama. Nilisema isiguswe."

"Nimekusaidia, mwanangu. Uliiacha mbichi."

"Ilitakiwa iwe mbichi."

"Tule nyama mbichi? Sisi chui?"

"Ningeipika, mama. Ningeipika mwenyewe."

"Na mimi hapa nafanya nini? Naifua?" Mama mkwe aliinuka na kijiko chake cha mti, akakoroga bila wasiwasi. "Tena ilikuwa na kitu cheusi. Nikasema hii imeshika uchafu kwenye friji ya mwanangu, maana za watu anatengeneza, yake hana muda nayo. Nikaiosha vizuri. Na ilikuwa inateleza, mwanangu. Inateleza! Nyama inayoteleza si ya kumpa mtu."

"Ile ni konfulawa, mama."

"Hata angekuwa nani."

Msusi aligeuka akaukabili ukuta. Ukutani palikuwa na msumari usio na kitu, akautazama ule msumari kama ndio uliomkosea. Hapo ndipo Fundi alipoingia, amesikia harufu.

"Kumbe imeshaiva! Basi tule."

Msusi alimtazama, na Fundi akarudi nyuma hatua moja bila kuambiwa.

"Baba watoto, chukua kipande kimoja. Tafuna."

Fundi alichovya uma, akapuliza, akatia mdomoni. Akatafuna. Akahamishia shavu la kulia, akatafuna. Akahamishia la kushoto. Mama yake anamtazama upande huu, mke wake anamtazama upande ule. Mwisho akanyoosha kidole kuelekea nje, kama mtu aliyekumbuka kitu muhimu kwenye ua, akatoka huku bado anatafuna, ili asitoe ushahidi dhidi ya yeyote.

Msusi alirudi barazani kumalizia kichwa cha watu. Alikimalizia kwa hasira zake zote. Jirani aliondoka mistari imekaza kiasi kwamba nyusi zimepanda juu, anaonekana mtu aliyepewa habari za kushtusha, na bado akashukuru.

Sasa angefanya nini? Kuiacha siku iende? Alikaa kizingitini, ameshika tama, miguu inamwaka. Kutoka hapo aliuona mlango wa chumba cha Mzee, umefungwa, na bakuli la uji wa asubuhi limetolewa nje na kuwekwa sakafuni, uji umefanya utando juu. Hata nusu haukunywewa.

Akainuka. Kwenye friza alipekua chini ya mifuko ya barafu, akapata kipande cha nyama ya supu ya kesho, kidogo kama kiganja cha mtoto. Hakikutosha watu. Kilitosha mtu.

Akakikata upya, vyembamba vilevile, kwa kuvuka nyuzi. Akatia tangawizi, sosi, konfulawa. Mara hii hakuondoka pale hata kwa kiu. Mama mkwe alikuwa amerudi kwenye kigoda chake, mikono mapajani, anatazama kwa jicho la pembeni.

Karai likakaa kwenye gesi, moto ukafunguliwa mpaka mwisho. Likaanza kutoa moshi.

"Karai linaungua hilo."

"Ndivyo linavyotakiwa, mama."

"Tia maji kidogo basi lipoe."

"Hapana, mama."

Mafuta, kisha nyama. Jikoni pakalia shaaa! kama mvua imeangukia mabati. Msusi aliitandaza nyama, akaiacha ishike rangi, mkono wake mmoja uko juu ya karai kama mwamuzi. Nyuma yake akasikia kigoda kinasogea. Hakuhitaji kugeuka. Mama mkwe alikuwa amesimama na kifuniko, amekishika mbele ya kifua kama ngao.

"Mwanangu, mvuke wote unatoka!"

"Uache utoke."

"Utatoka na utamu wake!"

Kifuniko kikashuka, Msusi akakidaka kabla hakijafika. Mmoja anasukuma chini, mwingine anasukuma juu, na wote wawili wanajifanya hawashindani. "Niachie mimi, mama, utaungua." "Wewe ndiye utaungua, mwanangu, mimi jiko nimelizoea."

"Bibi na mama wanagombania kifuniko!" Redio akatangaza, na nyumba nzima ikapata habari.

Msusi alikishinda kifuniko kwa mkono wa kushoto, na kwa wa kulia akaigeuza nyama, akaichota yote, akaitia kwenye sahani. Ilikuwa kahawia pembeni, inang'aa. Karai likapokea vitunguu, karoti, maharage, hoho mwisho. Akazirusharusha, rangi zikachangamka badala ya kufifia. Nyama ikarudi, sosi kidogo, akazima. Akaonja kipande kimoja, kidogo, cha kujihakikishia tu. Alifumba macho. Ilikuwa ileile ya karani wa benki.

Ile iliyochemshwa haikutupwa, nyumba ile hawatupi nyama. Aliikaanga na mboga zilizobaki, akaitenga mezani kwa ajili ya wote, bila kusema neno.

Kisha akabeba sahani ya Mzee mpaka mlangoni.

"Hodi, baba."

"Weka hapo, mama." Mzee alimwita mama, toka siku ya kwanza. Sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtu asiyetaka kusikika nyumba ya pili.

"Leo ni nyama, baba."

Kitanda kikalia.

"Unajua siwezi."

"Hii haina ugomvi na meno. Njoo mezani uonje, ukishindwa nitakuletea viazi hapohapo."

"Weka hapo, mama. Nitaitazama."

"Baba, kiti chako kipo."

"Nimesema weka."

Akaweka. Mlango ulifunguka kiasi cha mkono kupita, sahani ikaingia, mlango ukafungwa. Msusi akabaki anautazama ubao. Hakukata nyama mara mbili kwa siku moja ili mtu aende kuila kwa kujificha. Angelia, lakini hata kulia alikuwa amechoka.

Mezani walikuwa wameshaanza. Akakaa, akapakua, akatia kipande mdomoni. Akatafuna.

Nyama ile ilikuwa haikatiki. Ukiiuma inakubali, ukiiachia inarudi. Fundi alitafuna mpaka misuli ya kichwani ikawa inapanda na kushuka. Redio, ambaye mdomo wake haukuwahi kupumzika toka alipojua kusema, alikuwa amefura shavu moja na macho yamemtoka. Mama mkwe, mwanamke aliyejivunia meno yake yote kinywani, alikuwa na kipande kilekile toka mwanzo. Kukimeza, hakimezeki. Kukitema hawezi, maana amekichemsha yeye, na mke wa mwanawe yupo mbele yake anamtazama. Msusi naye alitafuna kwa makusudi, polepole, macho kwa macho na mama mkwe, kila mmoja anangoja mwenzake ashindwe kwanza. Nyumba ikawa kimya kama maji ya mtungini. Yalisikika mataya tu.

Mlango wa chumbani ukafunguka.

"Kuna nini huko?" Ilikuwa sauti ya Mzee. "Mbona kimya? Nani amekufa?"

Hakuna aliyejibu, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na nafasi mdomoni.

Zikasikika ndara, haraka haraka. Mzee akatokea sebuleni, shati halijafungwa vifungo, sahani mkononi, na ile sahani ilikuwa tupu, hata sosi imepanguswa. Uso wake ulikuwa na hofu ya kweli. Alimtazama mwanawe, akamtazama mjukuu, akamtazama mkewe.

"Nyinyi! Semeni basi! Nani?"

Mkewe alijaribu kusema, ikabidi akivute kile kipande kwa vidole kwanza. Kilivutika, kikavutika, kikatoka.

"Hakuna aliyekufa," alisema kwa hasira. "Tunakula."

"Mnakula nini, kandambili?"

Mzee alisogea, akachukua kipande kwenye bakuli, akakishika huku na huku, akakivuta. Kikanyooka. Akakiachia upande mmoja, kikarudi kwa kishindo kidogo kikampiga kidole. Akakitazama kile kitu. Na Msusi, aliyekuwa anamtazama yeye, akaona mabega ya mzee yule yanapanda.

"Mabibi na mabwana!" Sauti ilitoka kifuani, ileile ya zamani, vijiko vikalia kwenye sahani. "Mali hii si ya kuchezea! Haikatiki, haichakai, haiingii maji! Ukikosa kamba ya mbuzi, ipo. Ukikosa soli ya kiatu, ipo! Imepikwa na mke wangu mwenyewe kwa mikono yake miwili! Nani atasema bei? Nani atasema?"

Fundi alipaliwa. Redio akacheka mpaka cha mdomoni kikamtoka kikaruka kwenye kitambaa cha meza. Mzee naye akacheka, kinywa wazi, na katikati ya kicheko meno ya juu yakateleza.

Mkono ukaenda mdomoni. Msusi akamgeukia Fundi, akaanza kumpiga mgongo.

Lakini hakukuwa na mtu wa kumwangalia. Fundi alikuwa anapigwa mgongo. Mama mkwe amegeuka pembeni anachokoa na kijiti cha meno. Redio anaokota chake mezani. Kila mtu alikuwa na shida ya kinywa chake. Mzee aliyasukuma meno juu kwa dole gumba, tak, yakakaa. Akasimama pale kitambo, anawatazama mmoja mmoja. Kisha akatafuta pa kukaa. Kwenye kiti chake palikuwa na nguo za kupigwa pasi, kilima kizima. Akazibeba akazitupa kwenye kochi, akakaa.

"Mama," alimwambia Msusi, akisukuma sahani yake tupu katikati ya meza. "Ipo nyingine kama ile?"

"Imekwisha, baba. Ilikuwa ya mtu mmoja."

"Lini tena?"

"Kesho nikitoka kazini."

"Basi kesho mniite mapema. Sitaki kukuta mmeshaanza."

Msusi alifungua mdomo ajibu. Mama mkwe akamtangulia.

"Mmeona?" alisema, akiweka kijiti chake chini kwa heshima zote. "Miezi na miezi hatoki. Leo nimechemsha nyama, ametoka. Halafu mtu ananinunia jikoni kwangu."

"Lakini mama," Msusi alianza, "aliyokula baba ni ile..."

"Ile yako ilikuwa mbichi. Tumbo likimuuma usiku, asiniite."

"Ya kwangu isichemshwe," alisema Mzee. "Ya kwenu fanyeni mnavyotaka."

"Unamsikia? Ananibagua mezani kwangu."

"Mama yuko sawa lakini," Fundi aliingilia, macho bado yanamtoka machozi ya kupaliwa. "Kama nyama isingekuwa ngumu, baba asingetoka. Tuseme ukweli."

Msusi alimtazama mumewe kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida. Angesema, asingemaliza leo. Alikusanya bakuli la nyama ambayo haijaliwa, akaenda nalo jikoni, na kwa mara ya kwanza toka asubuhi akaona kwamba yeye mwenyewe hajala cha maana. Kwenye karai palikuwa na vijiti vya karoti vilivyoganda pembeni na kipande kimoja cha kitunguu. Akavila akiwa amesimama, kwa vidole, baridi hivyohivyo.

Sebuleni kelele zilikuwa zimefika kwenye paa. Mzee anataka kujua ni nani aliyekifanya kiti chake kabati la nguo. Fundi anasema ni mama yake. Mama mkwe anauliza nguo zenyewe ni za nani. Redio anarudia kila neno kwa sauti kubwa zaidi, kama vile kuna mtu ambaye hakusikia. Jirani wa upande wa pili akauliza kutoka dirishani kama kuna usalama, na Mzee akamjibu kwa sauti ya mnada kwamba upo, na kama ana kiti cha kuuza akilete.

"Leteni vyombo!" Msusi aliita.

Hakuna aliyesikia.

"Jamani, vyombo! Nimesimama toka asubuhi!"

Aliita tena. Mwisho akapangusa mikono kwenye kanga, akatoka kwenda kuvichukua mwenyewe, anasonya njia nzima. Na alipofika mezani Mzee alimkabidhi sahani bila hata kumtazama, maana alikuwa katikati ya maneno.